Simba Ndani ya Sanduku la Sabuni

Juzi nilienda kumchukua mjukuu wangu shuleni, nikakuta mwalimu amepanga zoo kwenye pembe ya darasa. Harufu ya rangi mbichi na mbao ilinirudisha kwenye zoo yetu ya utotoni.

Masela, mtawa aliyetufundisha, aliomba masanduku matupu ya sabuni kwa mapapa, yaani wazee waliopakua mizigo bandarini. Mimi nilikuwa simba. Rafiki yangu Zuena alikuwa mlinzi; alifunga fito za mlango wangu kwa kamba, mafundo matatu.

"Simba hasemi kitu," aliniambia. "Unguruma tu."

Nikavuta pumzi, nikaunguruma kwa nguvu zangu zote. Papo hapo milio mikubwa ikapasuka huko nje. Watoto wakapiga kelele, Masela akawabeba wadogo wawili, wote wakatoka mbio. Zuena alinitazama mara moja tu, macho yamemtoka, naye akakimbia.

"Zuena, si simba! Njo mimi, ni mimi tu!"

Hakurudi. Nilibaki nimekunja magoti, mabaki ya sabuni yakinichoma macho, vidole havifiki kwenye mafundo.

Mama alifika bila viatu, akakata kamba kwa meno.

"Wamenikimbia," nikamwambia.

"Nyamaza, mutoto wangu," akasema, akanibeba mgongoni.

Kesho yake nilisikia kina Zuena wamepanda meli ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

Leo najua walikimbia bunduki, si ngurumo yangu. Lakini kwa miaka mingi, kila meli ya Kigoma ilipofika, nilisimama bandarini nikiongea kwa sauti ndogo, ili Zuena asiogope kushuka.