Wasichana wa Raga Uani kwa Shangazi

Mpira wa raga ulioingia nyumbani kwa shangazi yangu ulikuwa wangu, nami niliuingiza bila kufikiri. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na kupata kazi ya ukarani bandarini. Mwalimu wetu wa michezo, Mzungu aliyetufundisha raga, alikuwa amenipa mpira mmoja uliochakaa tulipoagana. Niliusukuma chini ya kitanda. Chumba changu kilikuwa ghorofani kwa shangazi, Mji wa Kale wa Mombasa, chenye ngazi yake iliyotokea kichochoroni na dirisha la vibao lililotazama ua wa ndani. Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya uhuru. Mdogo wangu wa kike alilelewa humo pia, tangu mama yetu alipofariki. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu, umri ambao msichana wa kwetu alianza kuambiwa akae ndani.

Alikuwa akifagia chumba changu alipouona. Akaja nao mkononi kuniuliza kwa nini una umbo la papai. Nikamweleza mchezo wenyewe.

"Mwakabana kweli, au mwafanya mzaha?"

"Twakabana kweli."

"Na mwenye kuangushwa?"

"Huuachia mpira, akainuka."

Akafikiri kidogo. "Basi nifunze, kaka."

Nilicheka. Lakini yeye hakucheka, na kwa siku kadhaa kila nikirudi kazini nilimkuta akiurusha ukutani na kuukimbilia, maana mpira ule ukidunda huwezi kujua utaelekea wapi.

Shangazi alikuwa mjane mwenye heshima mtaani. Ua wake ulikuwa mkubwa na kuta zake ndefu, kwa hiyo wanawake wa jirani walifanyia humo shughuli zao za harusi, zile ngoma na mapambo ambayo mwanamume hayaoni. Siku hizo alitundika leso kuukuu ya kujifunga kwenye mlango wa mbele. Ikishatundikwa, hata kaka zake hawakubisha hodi. Mimi nami nilitakiwa nitoke chumbani kwangu kwa sababu ya lile dirisha. Hakuwahi kunidai ufunguo. Aliniambia tu, "Leo kuna leso," nami nikaenda zangu barazani kwa wenzangu.

Mdogo wangu alipomwomba ruhusa ya kucheza na wasichana wa jirani Jumapili alasiri, shangazi aliniuliza mimi tukiwa mezani.

"Mchezo huu una aibu?"

"Hauna, shangazi. Una kuangushana tu."

"Sisi tulivutana nywele kwenye ngoma, na mpira hatukuwa nao." Akammiminia mdogo wangu mchuzi. "Wacheze. Lakini leso itatundikwa, na wewe utakaa nje kama wanaume wengine."

"Nikiwa nje nitawafunza vipi?"

"Mdomo unao."

Ndivyo nilivyokuwa mwalimu wa wachezaji nisiowaona. Wasichana walikuja wamejifunika buibui, wakipita mbele yangu kwa adabu, "Shikamoo kaka," sauti ndogo. Mlango ukifungwa nyuma yao nilisikia buibui zikitupwa na kicheko kikilipuka. Chini ya buibui walivaa kaptura za kaka zao. Nilikaa kwenye baraza la mlangoni, sikio kwenye mbao. Mdogo wangu akikwama alikuja upande wa pili kuniuliza, na kama maneno hayakutosha nilipanga kokwa za tende kwenye sinia, hawa wanashambulia, hawa wanazuia, kisha nikaipitisha sinia kwenye upenyo wa mlango. Wenzangu wakipita walinitania.

"Waufunda ukuta leo?"

"Nifanyeje, nyinyi mmeshindwa kufundika."

Sakafu ya ua ilikuwa ngumu, hivyo mwanzoni niliwaamuru wasiangushane. Kila mmoja achomeke kipande cha leso kiunoni, na atakayenyakuliwa kipande amekabwa. Mwezi haukuisha wakachoka na amri hiyo. Binti wa muuza halua, msichana mnene mwenye sauti nzito, alikuja mwenyewe nyuma ya mlango.

"Kaka, nimechoka kunyang'anywa matambara. Nataka niangushwe."

"Utaumia."

"Na atakayeniangusha je? Humhurumii?"

Shangazi akaagiza magunia makuukuu kutoka sokoni Marikiti, wakayajaza makumbi ya nazi, wakatandika na majamvi. Kuanzia hapo nikawa nasikia vishindo. Niliwaeleza kichwa kikae upande gani wa paja la mwenzio, mikono ifunge wapi, na kwa nini mtu asimkabe mwenziwe kwa juu. Nilijifunza kutambua kwa sauti mpira uliopokewa vizuri, kama kofi laini, na ule uliopokewa kwa vidole vyenye hofu. Baada ya miezi mitatu minne sauti za vidole vya hofu zilipungua. Mdogo wangu alikuwa akipaza sauti kuwapanga, na jambo lililonishangaza ni kwamba wale wasichana walimtii. Nje ya ule ua hakuna aliyekuwa akimsikiliza kwa lolote.

Watu hudhani kuta zile ziliwafungia. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo, ikanichukua siku nyingi kuelewa kwamba ndizo zilizowapa uwanja. Mahali pengine popote kisiwani wangechezea wapi, vichwa wazi, wakianguka na kucheka, bila mtu kuwatazama?

Lakini mimi nilitaka kuwatazama. Nitasema kweli, ilinikera kwamba kazi yangu nzuri kuliko zote ilikuwa nyuma ya mlango. Jumamosi nilikuwa nikienda kwenye uwanja wa klabu kutazama raga, na siku moja nilimkuta pale yule mwalimu wangu wa zamani. Alikuwa akijiandaa kurudi kwao moja kwa moja. Alinisimulia habari za wavulana aliowafundisha, nami nikamwambia kwamba nina wachezaji wangu, wasichana, na wanakaba kuliko tulivyokuwa tukikaba sisi.

Akacheka, si kwa dharau. "Hilo ningependa kuliona kabla sijaondoka."

Ningeweza kumweleza mambo ya leso. Angeelewa, alikuwa amekaa Mombasa miaka mingi. Badala yake nikamwambia aje Jumapili.

Jumapili ile shangazi alitundika leso, nami nikakaa barazani kama kawaida mpaka wasichana wote walipoingia. Kisha nikaenda kumpokea mwalimu upande wa Ngome ya Yesu, nikampitisha kwenye kichochoro cha nyuma. Tulipofika kwenye ngazi alisimama.

"Wanajua kwamba ninakuja?"

"Ndiyo," nikasema.

Tukapanda. Nilivipindua vibao vya dirisha kidogo tu, tukatazama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona. Mdogo wangu alikuwa mwepesi kuliko nilivyomsikia. Alipokea mpira karibu na kisima, akawavuta wasichana wawili wamfuate, na walipomfikia akautoa nyuma bila kugeuza kichwa. Binti wa muuza halua akaudaka akiwa katika mbio, akapita katikati ya wengine akamalizikia juu ya magunia. Hata leo siwezi kuueleza mwendo ule nikatosheka.

Mwalimu alijisahau. Alipiga makofi, akapaza sauti kusifu, kama alivyokuwa akitufanyia sisi uwanjani.

Kule chini nyuso zote ziliinuka pamoja. Halafu wakatawanyika kutafuta buibui zao, mmoja akajifunika kwa jamvi kwa kukosa yake. Binti wa muuza halua alibaki juu ya magunia, ameinama, mikono yote miwili kichwani kuficha nywele. Mdogo wangu hakukimbia. Alisimama akitazama dirishani mpaka akaniona, kisha akaokota buibui ya mwenziwe akaenda kumfunika.

Shangazi alikuja kupitia ngazi ya nje, amejitanda. Nilitarajia maneno makali. Alimsalimu mgeni, akamuuliza hali ya nyumbani kwake, akamwomba ashuke barazani maana chumba changu hakikufaa kukalishia mtu. Akaletewa kahawa na halua kwenye kisahani kizuri. Mwalimu alikunywa akiwa mwekundu mpaka shingoni. Alikuwa ameshaelewa. Alipoaga hakunipa mkono.

"Mgeni sina neno naye," shangazi aliniambia alipoondoka. "Yeye aliambiwa karibu. Wewe ndiye uliyekuwa ukijua."

"Shangazi, alikuwa akiwasifu."

"Nimemsikia. Na mtaa mzima umemsikia."

Akaingia ndani akaiondoa leso mlangoni. Sikuiona ikitundikwa tena. Kulikuwa na harusi iliyopangwa kufanyiwa uani mwake baada ya wiki chache, wenyewe wakaja kwa upole kusema kwamba wamepata nafasi kwa jamaa zao. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia kama zamani, wakapeleka shughuli zao kwingine, na ule ua ukawa wa kuanikia nguo. Mimi nilihamia kwa rafiki yangu karibu na Mwembe Tayari kabla sijaambiwa nihame.

Kabla ya kuhama nilimtafuta mdogo wangu jikoni. Nilikuwa na zawadi ya kumpa, au ndivyo nilivyodhani.

"Mwalimu alisema hajaona pasi kama ile yako hata kwa wavulana."

Alikuwa akikuna nazi, wala hakusimama. "Alisema vizuri."

"Hukufurahi?"

"Ungetuuliza, kaka. Pengine tungekubali. Tungejifunga vilemba, tungevaa vizuri, tungemchezea mwalimu wako mpaka achoke." Akaendelea kukuna. "Hukutuuliza."

Sikumwomba radhi. Nilisema kwamba nilikusudia kheri, nikatoka.

Nilipofungasha vitu vyangu mpira haukuwa chini ya kitanda. Nilielewa ni nani aliyeuchukua. Miezi ikapita. Ndipo jioni moja, nikitoka kazini kupitia Mji wa Kale, mwanamke aliyejifunika buibui akanisimamisha kichochoroni. Nilimtambua kwa sauti, binti wa muuza halua.

"Kaka, mtu akikabwa asianguke, na wenziwe wakamsukuma kwa nyuma, na wale wengine nao wakasukuma, mpira ukakwama katikati yao. Basi ni wa nani?"

Kumbe walikuwa wakicheza, katika ua mwingine ambao sikuujua, wamefikia mambo ambayo sikuwahi kuwafunza.

"Mwabishana?"

"Kila Jumapili. Juzi mmoja ameteguka kidole. Wengine wasema hawaji tena mpaka ijulikane."

Jibu nilikuwa nalo. Lingechukua maneno machache, ningeiambia hata buibui iliyosimama pale gizani. Lakini nilikuwa nimengoja miezi kadhaa nihitajiwe, na sikutaka kuhitajiwa kupitia mtu mwingine.

"Mwambie mdogo wangu aje aniulize mwenyewe."

"Hatakuja."

"Basi."

Alingoja kidogo nibadilishe maneno, kisha akaenda zake. Kwa wiki kadhaa nilijitayarisha. Nilinunua hata tende, nikaziweka kokwa kwenye bakuli. Nilipanga kwamba akija nitaanza na kuomba radhi, ndipo nieleze. Hakuja, na mimi sikwenda, ingawa kutoka Mwembe Tayari hadi mlangoni kwa shangazi si safari.

Tulisema mambo hayo mara moja tu, tukiwa watu wazima, yeye ana watoto wanne. Nilikuwa nimekaa barazani kwake naye akichambua mchele. Nilimuuliza ilikuwaje baada ya pale. Akasema walicheza muda kidogo wakigombana juu ya jambo lile lile, idadi ikapungua, wawili wakaolewa, wakaacha. Alisema bila hasira.

Nikamwambia jibu. Mpira ukikwama hivyo usitoke, hupewa wale ambao hawakuuingiza.

"Kumbe," akasema. Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Binti wa muuza halua ndivyo alivyosema. Mimi nikambishia."