Taja Jina Yangu!

Haki nimejiaibisha, wacha niwaambie. Msichana wangu Mwende alinionya: "Mama, matapeli wa simu wamejaa. Namba ngeni ikipiga, mwambie ataje jina yako."

Jumamosi tunangoja mchumba wake alete mbuzi za kumuomba, namba ngeni ikapiga.

"Mama, ni mimi mkwe wako. Nimebadilisha laini."

"Taja jina yangu!"

"Ai, mama! Siwezi."

"Hujui! Tapeli wewe! Mkwe wangu ni mtu ya heshima!"

Nikamtukana yeye, nikatukana mpaka babu yake. Mbuzi akalia ndani ya simu. Akalia tena, hapo kwa geti. Nikafungua.

Mkwe ameinamisha kichwa, simu kwa sikio. Babu yake akaniuliza pole pole, "Mama Mwende, huku Ukambani mkwe alianza lini kutaja jina ya mama mkwe?"