Tathmini ya kikosi chetu cha hoki ya barafu Dubai, na jinsi Wafula alivyoigombea nafasi ya mwisho

Wakuu, salaam kutoka kwenye joto.

Nje huku ukigusa mlango wa gari unaunguza kiganja, na mimi hapa nimevaa koti zito kazini. Ninachosimulia nimekiona kwa macho yangu. Chumvi hakuna, na kama ipo ni ya sambusa, mtaelewa mbele.

Kwanza, mimi ni mwanamke, mtu wa Korogwe, msianze na "mkuu kaka" zenu. Naendesha mashine ya kulainisha barafu kwenye uwanja mmoja wa ndani hapa Dubai. Mashine inakwangua, inamwaga maji, barafu inabaki inang'aa. Timu ya hoki ya kulipwa ndiyo inatumia uwanja huo. Jina lake naliweka kapuni, bado naipenda kazi yangu.

Kwa wasiojua, ni mpira wa magongo, ila kwenye barafu. Viatu vina visu chini, na badala ya mpira kuna kisahani cheusi kigumu. Wanacheza watano na kipa.

Msimu unakaribia, so twende kwenye kikosi.

Kipa ni Mfini. Sisi Waswahili wa pale tunamwita Makomeo. Haongei, hacheki, hapitishi kitu. Kipa wa akiba ndiyo tumwombee dua, mazoezini nimemuona anafungwa huku anarekebisha kofia.

Nyuma kuna Mrusi tunamwita Friji. Ukimgonga unaumia wewe. Shida yake ni kugeuka, akianza kugeuka unaweza kwenda kununua chai ya karak ukarudi. Wapo pia Wacheki wawili, ndugu wa damu, wanaogombana wao kwa wao kuliko na wapinzani.

Mbele nahodha ni Mkanada, hana meno ya mbele na ndiye anayecheka kuliko wote. Halafu kuna Khalid, kijana wa hapa hapa. Kasi anayo, chenga anazo, ila pasi anaisikia kwa watu.

Kwa kifupi mbele tuko vizuri, nyuma wazito. Tulikosa mtu mmoja wa kukaba na kukimbia kurudi nyuma. Nafasi ilikuwa moja tu, na aliyekuwa anaigombea, wakuu, ni Mkenya.

Wafula ni mtu wa Bungoma. Zamani alifanya kazi hoteli moja Nairobi iliyokuwa na kiwanja cha barafu, kazi yake kugawa viatu. Wageni wakiondoka, anavaa na yeye. Akaja Dubai kama security, akapangiwa mlango wa uwanja wetu. Duty ikiisha anaomba gongo anaingia kuteleza. Kocha, mzee wa Kiswidi, akamuona. Akamwambia aje mazoezini ajaribiwe.

Mkataba wa security ukaisha. Kampuni wakamtaka asaini tena, akakataa.

"Siz," aliniambia, "siwezi simama kwa mlango nikitazama watu wakicheza game naijua. Hii ikikataa, narudi home. Lakini nitakuwa nimejaribu."

Nilimwona kichaa. Huku watu wanalilia visa, yeye anaacha kazi akacheze kwenye friji. Mama yake kijijini mpaka siku hiyo alijua mwanawe anauza barafu.

Basi ikapangwa mechi ya kirafiki, Jumapili alasiri, na timu iliyokuja kutembea. Kocha akasema wazi kwamba baada ya mechi hiyo ataamua. Akimkataa Wafula, Wafula anapanda ndege.

Nikafanya kosa la kumwambia Hamisi.

Hamisi ni wa Mwanza, fundi cherehani pale Satwa, na mpira wa miguu ndiyo dini yake ya pili. Akatangaza kwenye group la watu wa nyumbani. Jumapili nachungulia kutoka kwenye geti la mashine, naona jukwaa zima limejaa watu wa nyumbani. Filimbi zipo, jezi za timu za Kariakoo zipo, zimekaa pamoja bila kutukanana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Katikati amekaa Bi Zuhura wa Rashidiya, mama wa Kiunguja aliyezaa na kujukuu hapa hapa, kajifunika blanketi juu ya buibui, na sambusa ameziingiza anakojua mwenyewe.

Kitu nilichosahau kuwaambia ni hiki. Kwenye hoki mchezaji anaingia, anakimbia mpaka mapafu yanawaka, na hata dakika haijaisha anatoka kupumzika. Wenzake wanaingia. Zamu yake ikifika anarudi. Ni hivyo mwanzo mpaka mwisho.

Hawa watu wanajua mpira wa miguu. Ukitolewa umetolewa.

Wafula akaingia, vigelegele. Akakaba mmoja, akakaba wa pili, kocha akamwita nje.

Wakuu, uwanja ulitikisika. Hamisi kasimama juu ya kiti. "Kakosa nini? Mrudishe!" Bi Zuhura naye, "Kamtolea nini mtoto wa watu? Yule mzungu ana lake!"

Wakaimba "mrudishe, mrudishe" na filimbi juu. Zamu ikazunguka, Wafula akarudi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu waliamini kocha ameogopa. Walikumbatiana. Kila alipotoka walizomea, kila aliporudi walishangilia ushindi wao. Mimi nimejificha nyuma ya mashine nacheka machozi yananitoka.

Mapumziko, kocha akaja kwangu. "Mwanaidi, watu wako wanasema nini?"

Nikamjibu, "Wanasema asante, sir."

Akanitazama. Akasema hajawahi kusikia asante ya hasira namna ile.

Nilipomaliza barafu nikapanda jukwaani kuwaelewesha. Jamani, hajatolewa, ndiyo mchezo wenyewe, anapumua anarudi. Hamisi akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Dada, wewe endesha trekta lako. Tumepiga kelele, karudi. Unataka tunyamaze halafu asirudi?"

Bi Zuhura akanipa sambusa.

Kipindi cha mwisho tunaongoza kwa goli moja. Wafula akateleza, akaanguka chali, wakampita, wakasawazisha. Kocha akamwita nje.

Sasa hapa nilicheka kidogo nikaacha. Wenzake wakaingia, wakatoka. Zamu yake ikafika, akaingia mwingine. Ikafika tena, akaingia mwingine. Mimi ninayeujua mchezo ndiye niliyeelewa kwamba safari hii alikuwa ametolewa kweli. Na jukwaa nalo limenyamaza, sauti zimewakauka. Nilimwona Wafula ameinamisha kichwa kati ya magoti, nikaumia sana.

Katika kimya kile Bi Zuhura akasimama, akatupa blanketi, akapiga kigelegele kimoja kirefu peke yake.

Kocha akageuka. Akamtazama yule bibi, akamtazama Wafula, akamgusa bega.

Mpaka leo sijui kama alishapanga kumwingiza ama la. Mungu si Athumani.

Wafula aliingia kama hajawahi kuchoka. Adui mmoja akachomoka peke yake kuelekea kwa Makomeo, Friji ndiyo kwanza anageuka. Wafula akamkimbiza, akajitupa kifudifudi, kisahani kikamgonga paja, kikarudi kwa Khalid. Khalid akapanda nacho, na mbele ya goli, wakuu, akatoa pasi.

Nimesema pasi. Khalid.

Nahodha asiye na meno akamalizia. Watu wazima wakalia, Hamisi akambeba Bi Zuhura pamoja na kiti.

Baadaye nazungusha mashine barafuni, nikamkuta Wafula amesimama getini na jezi mkononi, yenye namba, mpya, bado iko kwenye nailoni. Akapiga simu kwao, akaweka loudspeaker.

"Mama, nimepata kazi."

"Ya nini?"

"Ya kuingia na kutoka."

"Tena utatoka?"

"Ndio mama. Lakini nikitoka, narudi."

Nilizima mashine katikati ya uwanja nikalia, na bosi akinikemea atajua mwenyewe.

Nilichojifunza ni kwamba sote huku tunaingia na kutoka. Mikataba inaisha, visa zinakatika, arbab, yaani mwajiri, anasema khalas, basi imetosha. Ukiitwa nje usivue viatu. Kunywa maji, pumua, kaa karibu na mlango.

Karibuni kwa maoni. Kipa wa akiba tumbakishe au tumpe kazi ya mlangoni iliyoachwa wazi? Na mwenye njia ya kumwelewesha Hamisi anisaidie, maana kashatangaza kwenye group kwamba mechi ijayo tunakwenda kumtoa Friji.