Jino Lenye Mizizi Miwili

Kuna siku moja naikumbuka kuliko harusi yangu, mwanangu, na picha uliyonitumia jana kutoka Kampene imeirudisha yote. Nakuita mwanangu ingawa niliyemzaa ni mama yako; uzee una ruhusa zake. Umeandika kwamba mmechimbua jino kwenye shimo lenu la dhahabu, wenzako wanasema ni la chui, na wanamshuku yule mama anayewapikia kuwa amelizika ili awaroge. Wanangoja neno langu, kwa kuwa mimi ni binti wa mwindaji.

Baba yangu aliwinda huko Pangi, na mimi ndiye niliyesafisha meno ya wanyama wake. Nguruwe, mamba, nyani, chui: niliyataja kwa kutupa jicho tu, na watu walinisifu hadi kichwa kikavimba. La chui lina wenyewe. Kwetu Warega huvaliwa na mzee aliyefika ngazi ya juu ya bwami, chama cha wazee wetu; mwingine akilivaa amejitafutia makubwa.

Mjomba wangu Alimasi, fundi wa reli hapa Kindu, alivaa jino lake shingoni, refu, jembamba, jeusi. Alilipata alipofanya kazi kwenye machimbo ya mawe, mbali huko pwani ya magharibi. Aliniambia ni la papa, samaki mkubwa wa baharini, aliyekufa kabla mtu yeyote hajazaliwa, na jino lake likageuka jiwe. Nilicheka. Bahari sikuwahi kuiona, basi nikaona haipo. Sikulishika hata mara moja.

Vikaja vita vya uasi, vile vya kwanza baada ya uhuru. Waasi walijifunga ngozi na meno ya chui, wakisema ni dawa ya kugeuza risasi maji. Walipokimbia, wanajeshi wa serikali wakaingia mjini kuwasaka, na mimi na mjomba, ambaye nilikuwa naishi kwake, tukaamua kuvuka mto Lualaba kwenda Alunguli, ng'ambo. Bandarini kila mwanaume alifunguliwa shati. Mwenye chale za dawa hiyo kifuani au kitu shingoni alitolewa kwenye mstari, na hatukuona aliyerudi.

Askari akaushika uzi wa mjomba. "Hii njo nini?"

"Jino ya samaki, mukubwa. Ya bahari."

Askari akacheka, akanigeukia. "Wewe, dada, hii njo jino ya nini?"

Mjomba alinitazama. Aliomba kwa macho ninyamaze tu. Lakini nilikuwa nimejaa hofu, na mwenye hofu hupenda kuonekana anajua.

"Ya chui," nikasema.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyepigishwa magoti ni mjomba. Bunduki ilikuwa imeshagusa kisogo chake.

Nyuma yetu alikuwepo mzee wa Pangi. Lafudhi yake ilimtambulisha; jina lake silijui hata leo. Alitoka kwenye mstari, akapasua pindo la koti lake, akatoa jino la manjano.

"Mukubwa, hii njo ya chui. Iko na muzizi moja, munene. Ile ya huyu iko na mbili, zinaachana sawa miguu ya muntu mwenye kusimama. Na ni jiwe. Uma, utasikia."

Askari aliyaweka yote mawili kiganjani, akayageuza, akauma lile jeusi. Akamwachia mjomba. Kisha akamuuliza mzee lake kalitoa wapi.

Mzee akanigeukia. Alinitazama mimi, bila hasira, na hilo ndilo linaloniuma. "Mutoto, ungeigeuza kwanza," akasema. Wakampeleka nyuma ya ghala la reli. Sisi tukasukumwa mtumbwini. Mjomba aliulizia miezi mingi. Hakuna aliyemwona tena.

Mjomba hakunilaumu hata siku moja. Alipofariki aliniachia lile jino, na ninalo mkononi ninapokuandikia. Sasa nalijua kila upande, na nimechelewa.

Basi sikia. Jino la mamba lina uwazi ndani. La chui lina mzizi mmoja. La papa yule wa kale lina miwili, nalo ni zito na baridi. Picha yako inaonyesha ncha tu, na kwa ncha yote ni ndugu. Kwa hiyo neno langu ni hili: sijui. Wasomee wenzako hivyo hivyo, hata wakisema bibi yako amezeeka. Na hata likiwa la chui, jino halisemi nani kalizika. Kwanza nenda ukakae na huyo mama, asibaki peke yake nao. Ndipo uligeuze, unitumie picha ya mizizi.

Mungu akupe macho ya subira na ulimi mzito. Akurudishe Kindu bila damu ya mtu mikononi, na yule mama arudi kwao na sufuria zake. Na mzee wa Pangi, popote alipolala, asikie kwamba safari hii tumeligeuza kwanza.