Asilimia Mia Mbili

Kompyuta ya steshenari ile ilikuwa na kijimstari chini ya kioo, upande wa kulia, chenye alama ya kutoa huku na ya kujumlisha kule. Ukikivuta kitufe chake kuelekea kujumlisha, maandishi yanakua. Kila asubuhi nilikikuta kwenye mia moja, kwa sababu jioni mwenye duka aliitumia mwenyewe. Kabla sijakaa vizuri nilikuwa nimeshakisukuma hadi mia mbili.

Daktari alishaniambia kwamba mshipa wa jicho unakufa na miwani haitasaidia. Nikaenda hata hivyo Mchikichini, kwenye meza ya miwani ya mitumba, nikajaribu moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akachoka.

"Braza, unatafuta miwani au unatafuta macho?"

Tukacheka wote wawili.

Mwenye duka sikumwambia. Tangu nimalize kidato cha nne nimezunguka nchi hii, Lindi, Songea, Tunduma, na kila mahali niliondoka kwa kutaka mwenyewe, begi begani. Nilijifunza kuchapa kwa mashine ya chuma ambayo herufi zake hazikui wala hazipungui. Bado naikumbuka sauti yake. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza, nilitaka kubaki. Nilitaka kuzeekea kwenye kiti kile, uso kwa barabara, wabeba mizigo wakipiga miluzi ya kuomba njia.

Kariakoo mteja hakuachii kazi akaondoka. Anasimama nyuma yako, anakutajia maneno, kidole kwenye kioo. Ndivyo alivyosimama mtu mmoja wa Masasi aliyetaka ratiba ya mazishi ya baba yake, picha ya marehemu iwe juu.

"Mzee, hii ni ratiba au bango la barabarani?"

"Ikiwa kubwa hatukosei," nikamjibu.

Tukaenda hivyo, mstari kwa mstari. Kwa ukubwa ule kioo kilionyesha kipande tu cha ukurasa. Mwenye macho angeutazama ukurasa mzima kabla ya kuchapisha. Kwangu ukurasa mzima ulikuwa ukungu wa kijivu, nami nilishaacha kuufungua. Nikachapisha.

Mteja akaishika karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Baba yangu yuko wapi?"

Picha ilikuwa imesukumwa na maandishi hadi ukurasa wa pili, peke yake, bila hata neno moja.

"Mzee, umemtoa kwenye msiba wake mwenyewe!"

Mwenye duka akaja, akamwomba radhi, akairekebisha kazi akiwa amesimama. Mteja alipoondoka, yeye hakuondoka. Alibonyeza kitu, kisha akaweka ukurasa mzima kwenye kioo.

"Kaka, hebu nisomee hapo."

Nikasoma bila kusita: saa nne mwili kuwasili nyumbani, saa tano ibada, saa saba kuelekea makaburini.



"Ile ratiba nimeshaifunga," akasema. "Hii ni kadi ya harusi."

Angenifokea ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Mbona hukuniambia?"

"Ungenipa kiti, dada?"

Akatazama barabarani, kisha akasema atatafuta mtu mwingine, na kwamba ningeweza kupita siku yoyote kuwasalimia. Nilijua kupita kusalimia kunakuwaje. Nimefanya hivyo katika miji mingi, ila huko ilikuwa ni mimi niliyeondoka.

Nikachukua begi. Halafu nikakumbuka mtu atakayekaa pale baada yangu. Nikashika mausi, nikabonyeza alama ya kutoa, mara moja, mara nyingine, herufi zikisinyaa mpaka zikawa kama mchwa, mpaka zikawa si kitu. Namba iliyokuwa pembeni sikuiona.

"Imefika mia?"

"Imefika, kaka," akasema.

Sauti yake ilitokea mlangoni. Kutoka pale kioo hakionekani.