Kokoto za Firmin Labarthe

Kati ya mizabibu ya kina Labarthe na ile ya Kasri la Mourlane, watengenezaji wakubwa wa mvinyo, palikuwa na njia ya trekta tu, tena nyembamba. Kulia kokoto, ardhi inayopendwa na mizabibu, kushoto kokoto zilezile. Ila upande wa Kasri ulikuwa wa Daraja la Tano la mvinyo tangu mwaka 1855, na upande wa kina Labarthe haukuwa na daraja lolote. Huguette Labarthe alizaliwa upande usio na cheo, na jambo hilo lilimkaa kichwani tangu utotoni likagoma kutoka.

Aliyemtia jambo hilo kichwani ni baba yake, Firmin. Majira ya baridi, wakipogoa, mzee huyo alikuwa akiokota kokoto mbili, moja kila upande wa njia, anazificha mgongoni, kisha anamtaka binti yake ataje ipi ni ya daraja. Mtoto alizigeuza, akazinusa, hata akazilamba. Firmin alicheka mpaka akakohoa. Kisha alizirudisha kokoto taratibu, kila moja upande wake, na hapo hata mtoto alijua kwamba ule haukuwa mchezo mtupu.

Shuleni mwalimu aliwaeleza habari yenyewe. Mfalme wa zama hizo alitaka mvinyo wa Bordeaux uonyeshwe kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na madalali wa mjini wakaagizwa waupange kwa ubora. Madalali hawakujisumbua kuja kuchimba udongo. Walitazama kila kasri limeuza kwa bei gani miaka yote, wakapanga kuanzia Daraja la Kwanza hadi la Tano, na mpango huo haujaguswa sana mpaka leo. Tena cheo kilipewa jina la kasri, si ardhi. Kasri likinunua shamba la jirani hapa hapa kijijini, shamba hilo nalo linaingia chini ya jina lile.

Huguette alinyoosha mkono. Aliuliza kama baba yake akiwauzia Kasri, kokoto zao zitakuwa bora zaidi kesho yake asubuhi. Mwalimu alimwambia akae chini.

Firmin hakuuza. Zabibu zake alizipeleka kwenye chama cha ushirika kama wanakijiji wengine wasio na cheo, na mezani alikunywa mvinyo wa ushirika. Kila mlo alipiga ulimi na kusema, "Sikia kokoto zetu hizo." Alikufa akiamini hivyo. Huguette akarithi makasi ya baba yake, akaolewa na Lucien, fundi wa mapipa, akamzika pia, wala hawakujaliwa mtoto. Alipogoa mwenyewe mpaka magoti yakakataa.

Ndipo akawauzia Kasri shamba. Kijiji kizima kilipigwa na butwaa, na shemeji yake Fernand, ndugu wa marehemu Lucien, alihakikisha hapati nafasi ya kupumua.

"Shemeji, kumbe ulikuwa unangoja mchumba mwenye kasri," alimwambia mbele ya watu, pale kwa muuza mikate. "Sasa tukusalimieje, bibi wa Daraja la Tano?"

"Nisalimie kwa kunyamaza," Huguette alimjibu, akachukua mkate wake.

Magoti yalikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu ya pili aliiweka moyoni: alitaka kujua. Kasri hutengeneza mvinyo wa aina mbili. Wa kwanza ndio wenye jina kubwa na daraja lake kwenye karatasi ya chupa; unaobaki huenda kwenye wa pili. Huguette aliomba kitu kimoja tu, kwamba zabibu za shamba lile zikae kwenye pipa lake peke yake mpaka siku ya kuonja, na siku hiyo naye awepo. Zikienda kwenye mvinyo wa kwanza, basi baba yake alisema kweli na alinyimwa heshima yake maisha yote. Zikienda kwenye wa pili, basi mzee alijidanganya, na binti akameza uongo ule pamoja na supu. Lipi lingemuuma zaidi, hakujua, ila kuendelea kutojua alikuwa amechoka nako.

Siku ilifika, asubuhi yenye ukungu mzito. Rémi, mkuu wa ghala la mvinyo la Kasri, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuwa amepanga glasi mezani, kila moja imetoka kwenye pipa la shamba lake, bila jina, ila alama ya chaki chini yake. Kazi ilikuwa kuonja, kutema kwenye ndoo, na kusema wa kwanza au wa pili. Alimwambia Huguette naye aseme.

Huguette alionja na kutema kama wanavyofanya watu wa kazi hiyo. Alipofika kwenye glasi ya pembeni, moyo ulimlipuka. Ukali ule, harufu ile ya udongo uliolowa, ndio uliokuwa mezani kwao utoto wake wote. Alitamani kusema uongo. Akakaza roho.

"Huu wa pili," alisema. "Ni wetu, naujua. Lakini ni wa pili." Kisha akaonyesha glasi ya katikati, ile ambayo ladha yake ilimjaa mdomo mzima. "Ule ni wenu. Ule hata mtoto angejua ni wa kwanza."

Rémi alitazama alama za chaki chini ya glasi. Alizitazama tena.

"Bi Huguette, huo wa pembeni ni wetu sisi. Unatoka bondeni, karibu na mto, kwenye tope." Akagusa glasi ya katikati. "Huu ndio wa mzee Firmin. Nami nimeupa wa kwanza kabla yako."

"Haiwezekani. Wetu nimeunywa tangu nikiwa mdogo."

"Uliunywa wapi?"

"Nyumbani. Mezani kwa baba."

"Wa ushirika," Rémi alisema polepole. "Pale kila mtu alimwaga zabibu zake shimo moja. Zenu na za bondeni, zote pamoja."

Huguette aliiona kichwani trekta ya baba yake ikiinua tela, zabibu zikiporomoka juu ya zabibu za watu. Mzee alipiga ulimi kila mlo akizisifu kokoto zake, na hakuwahi hata siku moja kuzionja. Alikuwa sahihi, bila kujua lolote. Uchungu ulimpanda Huguette mpaka machoni, na humo humo furaha, wala hakujaribu kuvitenganisha.

Aliirudia glasi ya katikati, akajaza kinywa. Rémi, kwa mazoea tu, alimsogezea ndoo.

Huguette alitikisa kichwa, akameza.