Mwalimu Scolastika na Kaka Yake Mlezi

Mwalimu Scolastika Ngailo alikuwa amefundisha darasa la kwanza kule Mahongole, Makambako, hata ikafika mahali wazazi waliomletea watoto walikuwa wale wale aliowafundisha yeye kusoma. Mumewe, Kornelio, ndiye aliyemchokoza habari za chuo. Kitinda mimba wao alipoondoka kwenda sekondari ya bweni, Kornelio alimwambia, "Sasa nenda na wewe. Digrii umeitaja tangu tunaoana." Akaomba ruhusa ya masomo, akapewa, na msimu wa kufungua vyuo akaenda Njombe na sanduku la bati na mablanketi mawili mazito. Baridi ya Njombe hakuidharau.

Chuoni kwao kila mwanafunzi mpya hupewa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kumshika mkono mpaka azoee. Huyo huitwa kaka mlezi au dada mlezi. Benno Mtewele alikuwa ameambiwa tu kwamba mgeni wake anaitwa Ngailo. Alisimama getini kwenye manyunyu akitarajia kijana wa kidato cha sita, akaona mwanamke wa makamo anashuka kwenye bodaboda. Akavua kofia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. We si Benno? Benno wa kwa Mtewele, nyuma ya kanisa? Kumbe unasoma hapa."

"Ndiyo, mwalimu. Nimekuja kukupokea. Mimi ndiye kaka yako mlezi."

Mwalimu alimtazama, akacheka mpaka akakaa juu ya sanduku. Huyu alikuwa mtoto aliyeandika herufi S kinyume karibu mwaka mzima.

Benno alikuwa mlezi mzuri. Alimwonyesha maktaba, kantini yenye maharage yaliyoiva, na mhadhiri gani anaongea haraka hivyo inafaa kukaa mbele. Hostelini Mwalimu alipangwa chumba kimoja na Conjesta, binti wa Ludewa aliyekulia kando ya ziwa na hakujua baridi ni nini. Siku ile ile Conjesta alianza kumwita mama, na siku ile ile akapewa blanketi moja.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Kazi zote zilichapwa na kutumwa kwenye mfumo. Benno alikaa naye jioni, lakini kila Mwalimu alipokwama, kijana alivuta kibodi upande wake. "Niachie, mwalimu, hii ndogo tu." Kazi zilikwenda, alama zikarudi nzuri. Mwalimu akajua moyoni kwamba hajui kitu.

Kisha likaja jaribio la kufanyia kwenye kompyuta, kila mtu peke yake. Aliandika polepole, akabonyeza mahali, na yote aliyoandika yakapotea. Vijana walimzunguka wakichapa kama mvua juu ya bati. Akaweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka muda ukaisha.

Hakumwambia mtu. Ijumaa alifunga sanduku, akamwambia Conjesta, "Naenda nyumbani. Hilo blanketi baki nalo, mwanangu." Conjesta alifikiri, akaona mtu wa kurudi hasemi hivyo. Akamtafuta Benno.

Kesho yake Benno alikwenda Makambako. Kornelio alikuwa uani akinoa panga.

"Kamwene, baba."

"Kamwene." Kornelio akaonyesha shambani kwa kidevu. "Yupo kwenye mahindi. Anapalilia hata pasipo na magugu."

Benno alichukua jembe, akaingia mstari wa pili. Upepo wa Makambako ulikuwa unayalaza mahindi. Walilima mpaka karibu na mpaka wa shamba.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

"Hukukosea. Mimi ndiye mzito."

"Hukuwahi kumwambia mtoto yeyote kuwa ni mzito."

Mwalimu aling'oa jani moja, akalitupa. "Naona aibu, Benno. Wale wengine wanicheke wakitaka. Ila wewe sikutaka unione nashindwa."

"Na mimi niliogopa," alisema Benno. "Ulipokwama nilishindwa kukutazama. Nikusahihishe wewe, nianzie wapi? Ndiyo maana nilichukua kibodi, yaishe haraka."

Mwalimu aliegemea jembe. Kwa mara ya kwanza tangu jaribio lile, uso wake ulichangamka.

"Kumbe ni hivyo. Basi wewe hujui kufundisha."

"Sijui, mwalimu."

"Na mwezi wa saba unaenda kwenye mazoezi ya ualimu." Akatikisa kichwa. "Mtoto akikwama unanyamaza. Mikono yako unaikalia. Na nikikosea useme nimekosea, usiniambie hii ndogo tu. Ingekuwa ndogo ningeshaiweza."

"Nitaikalia."

Jumapili baada ya Misa walirudi Njombe pamoja, na kweli Benno aliikalia mikono yake. Ilimuuma. Mwalimu alitafuta herufi moja muda mrefu huku kijana akimeza mate na kuangalia dari. "Umekosea," alisema mara ya kwanza, kwa sauti ndogo. "Sema kwa nguvu, sijasikia," Mwalimu akamjibu, na Conjesta aliyekuwa meza ya pili akaangua kicheko.

Jaribio lile halikufutika. Somo hilo alipata sapu, akarudia mtihani kabla ya mwaka wa pili, akafaulu kwa alama za chini tu. Matokeo alimsomea Kornelio kwenye simu, na Kornelio akamwomba asome tena, polepole.

Mwaka huu Benno anafundisha Ludewa, shule ya msingi, darasa la kwanza. Mwalimu Scolastika yuko mwaka wa tatu, naye amekuwa dada mlezi. Amepewa Shedrack, kijana wa Bulongwa asiyependa kuongea. Hamlazimishi. Jumapili humpikia makande, hukaa naye, na wiki iliyopita Shedrack aliomba chumvi, kisha akaeleza habari za nyumbani kwao mpaka sufuria ikaisha.

Benno hupiga simu darasa likimshinda. Juzi alilalamika juu ya mtoto ambaye hajaandika chochote tangu shule ifunguliwe.

"Anaitwa nani?" Mwalimu aliuliza.

"Alfonsi."

"Alfonsi anakaa wapi darasani, mbele au nyuma?"

Benno alilazimika kufikiri. Mwalimu akasubiri, kimya, simu ikiwa sikioni.